Mapenzi ya Mchana Kweupe

Leo sina habari ya bei ya pweza wala ya umeme kukatika. Leo nataka tuzungumze juu ya busu. Ndiyo, busu. Mwenye watoto karibu asikimbilie kuzima redio, sitasema la kumtia haya. Neno lenyewe nimelipata kwa watu wa Utende, maana kila msimu wa wageni ukiingia, barazani hakukosi mtu wa kuuliza: hivi hawa Waitaliano hawachoki?

Kwa msikilizaji asiyepafahamu, Utende ni kijiji kilicho ukingoni mwa Ghuba ya Chole, kule inakoishia barabara inayotoka Kilindoni. Hapo ndipo lilipo lango la Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, hifadhi ya bahari ya kwanza katika Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1995. Wageni wengi wanaokuja kupiga mbizi na kutazama matumbawe hulala hapo. Hata wale wanaofuata papa potwe upande wa Kilindoni, kati ya Oktoba na Machi, wengi wao usiku hurudi Utende. Kwa hiyo kijiji kimoja, chenye misikiti yake na madrasa zake, kimejaaliwa kuona jinsi mataifa ya watu yanavyopendana. Mwingereza hupita akitazama mbele. Mjerumani hutazama ramani. Waitaliano hutazamana.

Pwani ya Utende utaona hivi. Mume anakwenda Chole kutazama popo wakubwa na magofu ya Wajerumani. Mke anabaki, jua limempiga kichwa. Na Chole si Muscat. Ni pale ng'ambo, safari ya dakika chache tu kwa mashua. Basi wanakumbatiana. Wanapigana busu. Bwana anaingia majini, suruali imekunjwa, anapanda chomboni, kisha anakumbuka kofia. Anashuka, anaichukua, na kwa kuwa ameshafika, busu la pili. Nahodha ameshika upondo, anatazama maji yanavyokupwa, na moyoni anapiga hesabu kwamba wakizidi hapo mashua italala kwenye mchanga.

Sasa geuza uso kidogo, pwani hiyo hiyo. Chombo kinarudi kutoka dago. Wanaume wamelala siku kadhaa kwenye kisiwa kisicho na nyumba, wamekula ugali na samaki, wameloa na kukauka. Mke wa mmoja wao amekuja na ndoo. Wanakutana pale maji yanapofika kwenye vifundo vya miguu.

"Mmerudi?"

"Tumerudi."

"Salama?"

"Salama. Watoto?"

"Hawajambo."

Basi. Mama amejitwika ndoo, amegeuka, ameondoka. Mgeni aliyesimama kando na kamera hakuona cha kupiga. Lakini angemfuata yule bwana hadi kwake, na asingeruhusiwa, angekuta maji ya kuoga yamepashwa moto na kupelekwa uani. Angekuta kikoi kimefuliwa na kukunjwa kitandani, chetezo kimeshatiwa makaa na kipande cha udi kinafuka. Angekuta sahani ya wali wa nazi imefunikwa kwa kawa, na kichwa cha samaki kimewekwa upande wa baba, hata kama mtoto amekililia. Yule bwana akiingia mlangoni harufu ile ikampokea, hana haja ya kuulizwa kama amekumbukwa.

Mgeni akirudi kwao atasema watu wa Mafia ni wema lakini wakavu, mke na mume kama majirani. Nasi barazani tunasema Waitaliano hawana haya. Mimi naona pande zote mbili zimesoma ukurasa mmoja tu wa kitabu cha mwenzake.

Tuanze na ukurasa wao. Mwitaliano hambusu mkewe peke yake. Humbusu shangazi, humbusu jirani aliyekutana naye sokoni, hushikwa mashavu na bibi yake akiwa na ndevu zake. Wanaume nao hubusiana mashavuni, ndugu kwa ndugu, rafiki kwa rafiki, na zaidi kusini kuliko kaskazini, maana Italia nayo ina upande wa kukunjuka na upande wa kujizuia, na mtu wa Napoli humwona wa Milano kama barafu. Kijana wao huondoka nyumbani kwa wazazi akiwa na umri wa karibu miaka 30 kwa wastani, tofauti sana na wenzake wa nchi za kaskazini mwa Ulaya. Sababu nyingine ni kodi za nyumba na ajira ngumu, si mapenzi matupu. Lakini matokeo yake ni kwamba mama na mwana mtu mzima wanaonana kila asubuhi, wanagombana, wanapatana, na hakuna anayeona ajabu mama akimpangusa mwanawe makombo shavuni mbele ya watu. Huyo ndiye anayekuja Utende. Hakuja kutuonyesha kitu. Amekuja na mikono yake.

Wapenzi wa mpira watakumbuka mashindano ya Ulaya yaliyochezwa mwaka 2021. Nusu fainali, Italia na Uhispania, mechi imekwenda kwenye penalti. Manahodha wanaitwa kwa mwamuzi kupigiwa shilingi. Yule wa Uhispania, Jordi Alba, uso umekaza. Giorgio Chiellini wa Italia akamkumbatia, akamtikisa, akamnyanyua huku anacheka, kama mjomba aliyemkuta mpwa wake stendi. Dunia nzima ikabishana: ni upendo au ni ujanja wa kumvuruga? Nadhani ni vyote viwili, na ndiyo raha ya Waitaliano. Kisha kwenye fainali, tarehe 11 Julai, wakaifunga Uingereza kwa penalti Wembley, na kocha Roberto Mancini akakumbatiana na Gianluca Vialli. Hawa wawili walicheza pamoja Sampdoria na kuchukua ubingwa wa Italia mwaka 1991. Vialli alikuwa amepambana na saratani, na alifariki Januari 2023. Walishikana pale wakalia, wanaume wazima wenye suti, kamera zote zikiwatazama. Kwenye banda la mpira nilimokuwa, lenye kelele za kila aina, hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alisema, "Hao wametoka mbali," akaomba chai.

Na kwa nini tucheke, wakati sisi wenyewe tunashikana kuliko tunavyojijua? Huu ndio ukurasa wetu asiousoma mgeni. Tembea jioni kutoka Utende kuelekea Kiegeani. Utakuta vijana wawili wa kiume wanatembea wameshikana vidole, wanazungumza habari za Simba na Yanga. Ukimwamkia mtu njiani, mkono haurudi mpaka habari za nyumbani, za wagonjwa, za bahari na za aliyesafiri zote ziwe zimekwisha, na hata hapo anaweza kuuzuia kidogo kwa kuwa amekumbuka jambo. Wageni wa mataifa mengine hutaabika hapo. Unaona mkono wa mtu unataka kutoroka. Mwitaliano hatoroki. Yeye huongeza mkono wa pili. Kwao pia, jioni ikipoa, watu hutoka kutembea barabarani bila safari, na akina mama wawili hushikana mikono kwenye kiwiko wakaizunguka mitaa polepole, wakisema watu. Bi mkubwa wa Chole angewaelewa bila mkalimani, hasa hapo pa kusema watu.

Mtoto wa madrasa hubusu mkono wa mwalimu wake. Mjukuu hubusu mkono wa bibi. Siku ya Idd, swala ikimalizika, wanaume hupigana pambaja kulia na kushoto, hata waliokuwa hawasemeshani tangu kesi ya minazi. Na utani je? Babu wa pwani humwita mjukuu wake wa kike mke wangu mbele ya kadamnasi, akamtishia kumpa talaka kwa kuchelewesha chai. Bibi naye humwambia mjukuu wa kiume kwamba mume gani huyu asiyeleta hata samaki. Mgeni angetafsiriwa maneno hayo angeita polisi. Kwetu ni mapenzi ya wazi kabisa, yametangazwa uani kwa sauti, na hakuna anayeyaonea haya.

Tena sisi tuna taarabu. Tangu enzi za mwimbaji Siti binti Saad, aliyepelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, watu wa mwambao wamekuwa wakienda ukumbini kusikiliza mapenzi yakisemwa kwa ngoma na udi na zeze, hadharani, taa zikiwaka. Mama aliyeishi na mumewe miaka 30 bila kumgusa njiani, ubeti ukimkuna, anainuka na noti mkononi, anacheza taratibu mpaka jukwaani, anamtunza mwimbaji huku macho yake yanatazama upande fulani wa ukumbi. Kila mtu anajua anamtazama nani. Mtu huyo anajua zaidi. Sasa mwambie mama huyo kwamba watu wa pwani hawaonyeshi mapenzi.

Kwa hiyo si kweli kwamba wao wanaonyesha na sisi tunaficha. Wote tunaonyesha. Wao wamemweka mke na mume katikati ya uwanja, na sisi tumewaweka chumbani tukafunga mlango. Uwanja wetu tumewaachia marafiki, babu na wajukuu, na wanaokutana njiani. Stara yetu ni ya jambo moja, si ya mapenzi yote.

Sisi si wa kwanza kuishi na watu hawa. Wenzetu wa Malindi, Kenya, wamewazoea tangu miaka ya 1960, Waitaliano walipojenga kituo chao cha anga cha San Marco. Aprili 1967 walirusha satelaiti kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini. Wahandisi wakaleta familia, familia zikaleta marafiki, na leo Malindi na Watamu utakuta muuza mananasi anapatana bei kwa Kiitaliano bila kukwama. Unguja nako, nenda Kiwengwa, utamkuta Mmasai na rungu lake anauliza habari za mama yake mtu kwa lugha ya Roma. Lugha imeingia, vyakula vimeingia. Lakini busu la pwani halikuingia. Kijana wa Malindi atamkumbatia mgeni wake Mwitaliano saa nne asubuhi, na saa tano akikutana na mkewe sokoni watapishana kwa kichwa tu. Anajua mlango upi unafunguliwa kwa nani. Na lipo jingine ambalo wakazi wa huko wanalijua kuliko mimi: penye fedha ya mgeni, kukumbatiana kunaweza kugeuka biashara, mzee wa miaka 70 na binti wa miaka 20, au mama mtu mzima na kijana wa pwani, na watu wakaita mapenzi. Hapo hata Mwitaliano mwenzao huangalia pembeni.

Mwaka 2020 ulitupima sote. Corona ilipoivamia Italia, serikali yao ilitoa agizo tarehe 4 Machi ikiwataka watu waache kupeana mikono na kukumbatiana, na wakae umbali wa mita moja. Fikiria amri hiyo mbele ya watu kama wale. Siku moja kabla, Ikulu Dar es Salaam, Rais Magufuli na Maalim Seif Sharif Hamad walikuwa wamesalimiana kwa kugusana miguu badala ya mikono, na picha ile ikazunguka dunia. Sisi tulicheka. Lakini wiki hizo watu wengi wa pwani walibaki wamekunja viganja kifuani, hawajui salamu inaanzia wapi. Nadhani wakati ule, bila kuonana, Napoli na Utende walikuwa na kilio kimoja.

Nisije nikawasifu kupita kiasi. Busu la hadharani si hati ya ndoa njema. Novemba 2023 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu huko kaskazini mwa Italia aliuawa na kijana aliyekuwa mpenzi wake, na maelfu ya watu wakaingia barabarani, wengi wao wasichana, wakisema wamechoka na wanaume wanaoita umiliki mapenzi. Mikono inayokumbatia ndiyo mikono. Na sisi tusijidai hapo, maana ukimya wetu nao umefunika mengi. Mke anayepigwa nyuma ya mlango uliofungwa kwa jina la stara naye hana wa kumwona.

Hapa sasa ndipo ninapotaka kusema langu, na anayekasirika akasirike.

Sioni haja ya watu wa Utende kuanza kupigana busu wakisubiri mashua. Hatuna upungufu huo. Mapenzi ya mke na mume yakae chumbani kwake, na udi wake, asumini yake na kanga aliyoichagua mtu kwa maneno yake. Upungufu wetu uko kwingine. Mtoto wa kiume akishatoka jandoni, baba yake hamshiki tena. Mpaka jana alikuwa anabebwa mabegani kwenda kuangalia mitego. Leo anasalimiwa kutoka mbali kama mgambo. Anakua, anakwenda Dar es Salaam, anarudi baada ya mwaka na begi lake. Mama anamlaki kwa vigelegele, bibi anamtania, dada wanamning'inia. Baba anauliza bahari ilikuwaje na nauli ya boti sasa ni kiasi gani. Moyo wake unamdunda, nina hakika. Lakini kinachotoka mdomoni ni nauli.

Hilo si stara. Dini haijalikataza, na mila za wazee wetu hazikulikataza. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwabusu wajukuu wake mbele ya watu, na aliyejigamba kuwa ana watoto kumi na hajambusu hata mmoja alijibiwa kwamba asiyehurumia hahurumiwi. Hayo tunayasikia misikitini kila mwaka. Tunatikisa vichwa, tunavaa ndala, tunakwenda nyumbani kuuliza habari ya nauli. Hapo Mwitaliano ametushinda, na ametushinda kwa jambo ambalo ni letu.

La pili ni hawa vijana wetu wa simu. Siku ya kuzaliwa mkewe, bwana ameweka picha zake ishirini mtandaoni, mioyo myekundu, maneno matamu hata ya kukopa. Watu 300 wamepongeza. Mama mwenyewe yuko jikoni na homa, kuni mbichi, na bwana amekaa barazani anajibu pongezi. Hiyo wala si ya Kiitaliano wala si ya Kimafia. Mwitaliano angalau angeingia jikoni.

Na sasa neno kwa wanaowapokea wageni. Msinung'unike barazani kuhusu jambo mlilonyamazia langoni. Mgeni akifika, mwambieni kwa lugha rahisi kwamba hapa kijijini, karibu na misikiti, na zaidi mwezi wa Ramadhani, mke na mume hawashikani hivyo, na mabega hufunikwa. Mwongozaji mmoja wa wageni aliniambia hajapata kumwona Mwitaliano aliyechukia kuambiwa. Mmoja, akasema, aliomba radhi kwa bidii, akauliza ni mzee gani aliyekwazika, akamwendea, na kabla mtu hajawahi kumzuia akamkumbatia mzee mwenyewe na kumbusu mashavu yote mawili. Mzee alisimama pale kofia imepinda. Tangu siku hiyo, nasikia, mgeni yule akipita mzee huyo ndiye wa kwanza kumwita aje anywe kahawa.

Mazungumzo ya juma lijalo nataka yawe yenu. Kina baba wa Utende, Chole, Jibondo, Baleni na Kilindoni, nitumieni ujumbe kwa namba ileile ya kipindi mnijibu swali moja: mara ya mwisho kumshika bega mwanao mkubwa ilikuwa lini? Nitayasoma majibu bila majina. Na wewe usiye na jibu, uandike vilevile.